Mbegu ya Mwaka wa Eda

Mume wangu alifariki mpunga wa mbegu ukiwa darini. Ulikuwa ndani ya dumu la plastiki, mdomo umezibwa kwa gunzi na kitambaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeupandisha baada ya mavuno. Mie hata kuugusa nilikuwa siugusi. Nyumbani kwetu shamba la mpunga lilikuwa langu na mbegu ilikuwa yake.

Watu walikuwa wakishangaa kusikia hivyo, maana huku kwetu mpunga ni kazi ya wanawake tangu kulima mpaka kupura. Mwanamme ukimwona bondeni, ama kaja kusaidia jembe, ama kaja kubeba magunia. Lakini mume wangu alijiingiza kwenye mbegu kwa sababu ya ugonjwa. Miaka kadhaa nyuma mpunga wetu ulitoka vizuri, ukabeba mimba, ukatoa mashuke, halafu mashuke yakaanza kuwa meupe kabla ya wakati wake. Ukilishika shuke, shingoni limeingia weusi, linakatika kama uzi uliooza, na ndani hamna kitu, mapepe matupu. Majani nayo yalikuwa na madoa yenye umbo la jicho. Wenyewe tuliuita ugonjwa wa shingo. Wengine bondeni walisema ni hasadi, na mie sikukataa wala sikukubali; nilisoma nilichokijua na nikatia udi.

Mwaka ule tuliokoteza kilichobaki, na katika hicho hicho tukaweka mbegu. Mwaka uliofuata ugonjwa ukaja tena, mkubwa zaidi. Hapo mume wangu akaenda kujiunga na wakulima waliokuwa wakifundishwa na bwana shamba kule upande wa Konde. Siku aliyorudi alikuwa na maneno mapya kinywani.

"Tunaupanda wenyewe," aliniambia.

"Tunapanda nini?"

"Ugonjwa. Umelala ndani ya mbegu. Tukiimwagia maji, wanaamka wote wawili."

Masika yalipokaribia akaniita jikoni. "Lete yai."

"La kukaanga au la kuchemsha?"

"La kuogelea."

Nilimpa. Akalitia ndani ya ndoo ya maji, likazama. Akatia chumvi ya mawe, akakoroga, akatia tena, mpaka yai likapanda na kuonesha utosi wake juu ya maji. Hapo akalitoa, akamimina mpunga wa mbegu ndani ya ndoo ile. Mbegu nzito zilikwenda chini. Nyepesi zilipanda juu zikatanda kama povu, na zilikuwa nyingi mno kuliko nilivyodhani. Akawa anaziteka kwa upawa na kuzimwaga kando.

"Hicho ni chakula unachomwaga," nikamwambia.

"Hiki ndicho kilichotutia njaa."

Kuku walikula, na mie nikaenda zangu bondeni nimenuna. Kwa hiyo sehemu iliyofuata, ya maji ya moto, sikuiona. Hata miaka iliyokuja nyuma yake sikuiona, kwa kuwa alikuwa akiifanya asubuhi, na asubuhi mie niko shambani nasawazisha tope. Nilichokiona ni mbegu iliyokwisha kuchipua ndani ya gunia bichi, tayari kwa kuatikwa kitaluni. Nilijua kuwa huitia mbegu kwenye mfuko wa chandarua kikuukuu, na nilijua kuwa akiitia kwenye maji ya moto husoma Yasini mara moja kwa moyo, akimaliza huitoa. Hilo aliniambia mwenyewe. Ugonjwa sisemi ulikwisha. Ulipungua, ukawa wa shuke hapa na shuke pale, tukala na tukauza kidogo. Wako waliokuwa wakipaka mbegu zao dawa nyekundu za dukani. Yeye hakuzitaka, kwa sababu jirani mmoja aliwahi kusahau mbegu ya namna hiyo uani na kuku wake wakafa wote.

Basi akaanguka barazani baada ya sala ya alasiri, tukampeleka hospitali, hakurudi. Presha, walisema. Watoto wetu wako Unguja. Walikuja, wakakaa mpaka hitima, wakarudi kwenye kazi zao, na mie nikabaki ndani ya nyumba na eda yangu.

Aliyekuja kukaa nami ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Yeye aliolewa Wambaa tangu msichana, akazaa huko, akafiwa na mume huko huko. Ni mtu wa pwani. Anajua kuanika dagaa, anajua kuvua pweza kwenye miamba maji ya bamvua yakitoka, na ana ulimi ambao hata wanaume wa dikoni, kunakoshushwa samaki, wanauogopa. Tangu niolewe hatukuwahi kugombana, lakini hatukuwahi kuzungumza kirefu pia. Aliingia na mkoba wake, akatandika mkeka chumba cha pili, akasema, "Nimekuja, wifi. Utakula utakachopikiwa." Siku za mwanzo hayo ndiyo yalikuwa maneno yake mengi.

Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Wanawake wa bondeni walikuwa wakipita kunitazama, na kila aliyekuja aliuliza swali moja: shamba lako watalifanya nini? Walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kunilimia, kama tunavyofanya kwa mzazi au mgonjwa. Mmoja wao, ambaye shamba lake limepakana na langu, akauliza, "Mbegu unayo?"

"Ninayo," nikasema. Nikatazama dari.

Kutoka kwenda mwenyewe nilikufikiria. Ukti anayetusomesha darsa alikuja kunitembelea, nikamuuliza. Akanambia mwenye eda ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja yake, na akanihadithia kisa cha mwanamke aliyetoka edani zama za Mtume kwenda kukata tende zake. Nilimweleza wifi jioni ile tukila.

"Zile zilikuwa tende, na ilikuwa Madina," akasema wifi. "Hapa njia ya bondeni inapita mbele ya mabaraza ya wanaume. Watasema mtoto wa watu hajapoa kaburini na mkewe ashashika jembe."

Sikubishana naye. Ukweli ni kwamba sikuwa na nguvu. Kulikuwa na siku nikiinuka kwenda chooni nahisi nimetembea mpaka Micheweni na kurudi. Lakini kazi ya mbegu haikutaka kutoka. Ndoo, moto, maji, vyote viko uani. Nikamwambia wifi kuwa mbegu tutaitengeneza wenyewe, na kuatika atakwenda yeye na wanawake wenzangu.

"Mie mpunga naujua ukiwa sahanini," akasema.

"Nitakuelekeza."

Akapanda kwenye ngazi, akaliteremsha dumu. Alipozibua mdomo wa dumu akatia pua, akanusa. Mpunga ulikuwa umechanganywa na majivu na majani makavu ya mwarobaini. Tuliumwaga juu ya uteo wa kupepetea. Hamkuwa na hata punje moja iliyotobolewa na fukusi.

"Hili la mama," akasema wifi. "Majivu na mwarobaini. Mama alikuwa akiweka hivi hivi, kunde na choroko na kila kitu. Kumbe mdogo wangu alikuwa akimtazama."

"Mie nilidhani kalitoa kwa bwana shamba."

"Bwana shamba gani? Hili la mama."

Alifurahi kweli. Na kwa kufurahi kule akaona kazi imekwisha: mbegu ina majivu, ina mwarobaini, imetunzwa, iende ikaatikwe. Nilipomwambia bado, majivu yanazuia wadudu wa dumuni, ugonjwa wa shingo una dawa yake nyingine, akaniangalia kama ninayemtoa makosa mama yake. Tulibishana kidogo. Mwisho akasema, "Haya, mume wako, mpunga wako, fanya." Neno "mume wako" alilitia uzito, kama kwamba alikuwa akinirudishia kitu nilichomnyang'anya zamani.

Tukapepeta, tukaondoa majivu. Tukafanya maji ya chumvi kwa yai, na wifi, ambaye maisha yake yote amekaa na maji ya chumvi, alilifurahia yai lilipopanda. Mapepe yalipoelea nikamwambia ayateke ayatupe. Akakataa.

"Mali ya marehemu haimwagwi."

"Hizo hazina kitu ndani, wifi. Bonyeza moja."

Akabonyeza. Ganda likajikunja, ndani hewa. Akabonyeza nyingine, nayo ikatoa unga kidogo mweusi. Hapo akashika upawa. Tukazikosha zile zilizozama kwa maji baridi mara nyingi, mpaka ukionja huhisi chumvi tena, maana chumvi ikibaki nayo huua.

Siku ya pili tukafanya maji ya moto. Tuliteleka sufuria kubwa juu ya mafiga, maji yakachemka, tukayapunguza ukali kwa kata mbili tatu za maji baridi, nikatia mfuko wa chandarua wenye mbegu. Nilitia zaidi ya nusu ya mbegu yote, kwa kutaka kumaliza. Nikaanza Yasini. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga. Wifi alipoona mvuke unapungua akasukuma kuni ndani, kwa nia njema kabisa, kama anavyofanya mtu akiona chungu kimepoa. Mie niko katikati ya sura, sikumkataza. Nilipomaliza tukautoa mfuko, tukaumwagia maji baridi, tukaroweka mpaka kesho yake, kisha tukaifunga mbegu ndani ya gunia bichi na kufunika kwa majani ya mgomba, tungoje ichipue.

Haikuchipua. Nilikuwa nalifungua gunia kila baada ya sala, na kila nikilifungua harufu inazidi. Mbegu inayochipua ina harufu ya unyevu na majani. Ile ilinuka uji uliochacha. Mwishowe nilichukua punje nikaiminya, ikapasuka laini, nyeupe, imeiva.

"Tumepika," akasema wifi.

Nikasema ndiyo, tumepika.

Alikaa chini pale pale uani, miguu kaikunjua mbele, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti siku ya maziko. Alikuwa akishughulika na masufuria ya watu na mikeka ya watu. Hakulia kwenye hitima. Nilidhani ni mtu asiyelia. Sasa alikuwa akilia na kuzungumza pamoja, na alichokuwa akikisema ni kuwa alimbeba mdogo wake mgongoni, kwamba mama yao akienda shamba yeye ndiye aliyeachiwa mtoto, alimpikia ubwabwa mara ya kwanza ukaungua na mtoto akaula hivyo hivyo. "Na leo nimempikia mbegu yake," akasema. "Mpaka mbegu yake nimempikia."

Mie nilikuwa nimeshalia sana kwa wiki zile, nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tulikaa pale na lile gunia katikati yetu mpaka adhana. Halafu wifi akainuka, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akawamwagia kuku mbegu ile, akasema, "Waitwe wanaojua."

Aliyeitwa ni mwenzake marehemu katika yale mafunzo, mkulima wa kijiji cha pili. Alikuja mchana, akapiga hodi, akakaa barazani. Mie nilikaa ndani nyuma ya pazia na wifi akakaa kwenye kizingiti, katikati yetu, kama mkalimani, ingawa tulikuwa tukisikilizana bila yeye.

"Sufuria mliiepua?" aliuliza.

"Tuiepue wapi?" wifi akasema.

"Mafigani. Maji yakishakuwa tayari, huepuliwa ndipo mbegu hutiwa. Juu ya moto joto linapanda mbio, humalizi kulishika. Na chombo kiwe cha udongo au kiwe kinene, kisipoe upesi. Yeye alikuwa na chungu."

Chungu nilikijua. Kilikuwa nyuma ya banda la kuku, kimefunikwa kwa bati, na mie nimekipita mara ngapi nikidhani ni cha kutupwa.

"Na joto lenyewe, mtu atalijuaje?" nikauliza kutoka ndani.

"Darasani bwana shamba alikuwa na kipima joto. Kila mmoja wetu alikipigania. Marehemu Mungu amrehemu hakukipigania, alitia kidole. Alikuwa akisema kidole chake hakihitaji betri." Akacheka kidogo, akajizuia. "Lakini kidole hicho sasa hatunacho, bibi. Mie mwenyewe nilikuwa nikija kumwomba anipimie."

Alipoondoka, wifi alikuwa na hasira. "Kaja kutwambia tuna msiba," akasema. Lakini mie nilikuwa nimeshakumbuka kitu. Asubuhi nyingine, kabla sijatoka kwenda shamba, nilikuwa nikimsikia mume wangu uani akisema "Bismillahi Rahmani—" halafu "aah!" na kunyamaza. Kisha baada ya muda tena, "Bismillahi Rahmani—" na "aah!" Nilikuwa nikijisemea, huyu naye kila siku anajiunguza na hajifunzi.

Nilimweleza wifi. Akafikiri. "Akitia kidole na Bismillahi," akasema polepole. "Akifika Rahmani kimemshinda."

"Ndivyo."

"Na kama angefika Rahimi?"

"Maji yamepoa. Na kama hata Bismillahi haimaliziki, ni ya kupikia."

Tulijaribu siku hiyo hiyo kwa kiganja kimoja tu cha mbegu na kikombe cha udongo. Tulichanganya maji yaliyochemka na ya baridi, wifi akatia kidole. Vidole vyake vigumu kwa chumvi na makovu ya miamba, akafika Rahimi na kuendelea mpaka Alhamdulillahi. Nikatia changu, nikaruka kwenye Bismillahi. Ikawa mabishano mapya, kidole cha nani kifuatwe. Nikamwambia marehemu alikuwa na kidole cha mwanamme wa jembe, ni kigumu kuliko changu na laini kuliko chako. Tukapooza kidogo, mpaka mie nikaimaliza Bismillahi na kushindwa kuianza Rahmani, nikaona hapo ndipo. Tukatia mbegu, nikasoma Yasini, tukazitoa, tukazizungushia kitambaa kibichi. Siku mbili zisizokuwa na raha zikapita. Siku ya tatu alfajiri wifi aliniamsha kwa kunisukuma bega, kitambaa kiko mkononi mwake. Punje zilikuwa zimetoa vidomo vyeupe, karibu zote.

Hapo tukatia mbegu iliyobaki, ndani ya chungu, mafiga yakiwa matupu. Kuni wifi alizisogeza mbali mwenyewe, akakaa juu yake.

Mbegu ile haikutosha shamba zima. Mwanamke wa shamba la jirani aliposikia akaniletea kipolo, kigunia kidogo, cha mpunga wake, wa aina ile ile. Nilimshukuru, nikamwambia wifi aandae maji ya chumvi.

"Ya nini?" akauliza yule mwanamke.

"Kuutengeneza."

"Unaiona mbegu yangu mbovu?"

Sikutegemea neno hilo. Alikuwa mtu aliyenilimia shamba langu na tope lilikuwa bado halijamtoka kuchani. Nikamwambia, "Hata niliyoivuna mwenyewe kwa mkono wangu naitengeneza. Hii ilikuwa yako, sasa ni yangu."

"Mwaka jana nilivuna kuliko weye."

"Najua. Kwa hilo nimeipokea kwa furaha."

Alibaki akitutazama. Mapepe ya mbegu yake yalipopanda juu yalikuwa si machache, na wifi, Mungu amweke, kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuzuia ulimi. Aliyateka, akayamwaga. Yule mwanamke akaondoka bila kunywa chai. Siku nne tano hakupita kwangu, na nilijua anapita njia nyingine. Kisha akarudi na dafu, akazungumza habari za mvua na za harusi ya watu, mbegu hakuitaja, na mie sikuitaja.

Siku ya kuatika wifi alifunga kanga kiunoni akaenda bondeni na wanawake wenzangu. Alirudi adhuhuri amechafuka mpaka masikioni, na mguuni ana mruba anayevuja damu. Alisema bahari ina papa na taa wenye miiba, lakini hakuna kiumbe cha bahari kinachokunyonya damu nawe hujui. Alisema wanawake walimcheka anavyotupa mbegu, wakamfundisha, na mwisho akatupa sawasawa. Nikamuuliza kitalu kimekaaje, maji yako kiasi gani, ndege wapo? Akajibu alivyoweza.

Tangu hapo akawa anakwenda mara kwa mara, wakati wa kupandikiza, wakati wa kupalilia, na kila akirudi mie nauliza.

"Mpunga una rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani cha namna gani?"

"Kijani cha majani, wifi. Unataka nikwambie nini?"

Alichoka na maswali yangu, akatafuta njia yake. Akawa anachuma jani moja kila upande wa shamba, anayafunga kwenye pindo la kanga, akifika anayapanga juu ya mkeka: hili la karibu na mfereji, hili la katikati, hili la upande wa jirani. Mie nilikuwa nayanyanyua mlangoni kwenye mwanga. Nililima mwaka ule kwa majani yaliyokuja kwenye kanga ya mtu. Kuna siku jani la upande wa kando lilikuja na madoa mawili ya umbo la jicho. Nilimrudisha wifi siku ile ile, akang'oe mashina yote yenye madoa hayo na asiyaache mfereji unapopita. Aliyachoma juu, kwenye ardhi kavu. Siku zilizofuata nilikuwa nangoja kanga ifunguliwe kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Madoa yalirudi kidogo, si mengi.

Eda yangu ilipokwisha nilikoga, nikavaa, wifi akanitilia udi, na wanawake wakaja tukasoma na kula. Asubuhi yake nilikwenda bondeni. Sikumwambia mtu, lakini wifi alishavaa viatu vyake vya plastiki ananingoja mlangoni.

Mpunga ulikuwa umeshatoa mashuke na umeanza kuinama. Nilitembea kwenye matuta, nikawa nashika shuke hili na hili, natazama shingo. Yako yaliyokuwa meupe, upande wa juu ambako maji hayakai vizuri, na pale kando tulipong'oa kulikuwa na kipara. Mbegu yangu na mbegu ya jirani sikuweza kuzitofautisha kwa macho. Mwaka mzuri nimeshaona uliozidi ule. Mbaya nimeshaona pia. Nilisimama ndani ya tope mpaka magoti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilihisi njaa, njaa ya kawaida tu, ya mtu aliyeamka mapema.

"Ndivyo unavyotakiwa uwe?" aliniuliza wifi.

"Ndivyo."

"Basi mie naona mzuri."

Tuliamia ndege pamoja, tukavuna pamoja na wenzetu, tukapura uani. Kabla ya kuvuna nilipita peke yangu na kisu kidogo, nikachagua mashuke yenye shingo safi kwa ajili ya mbegu, na hayo nikayafunga mbali na mengine. Jirani wa shamba aliniona. Akauliza ninachagua vipi. Nilimwonesha, akapita nyuma yangu kwenye matuta, kisha akaingia shambani kwake akaanza kuchagua.

Wifi alirudi Wambaa mpunga ulipokauka. Nilimfungia gunia, akasema zito, nikasema litabebwa na gari, akasema yeye mtu mmoja hawezi kulila, nikasema ana wajukuu. Tukavutana hivyo mpaka dereva akapiga honi barabarani. Akalichukua. Alipopanda alinishika mkono, akasema nije pwani, anifundishe kuvua pweza, maana yeye kwangu kashafundishwa vya kutosha. Nikamwambia nitakuja msimu huu.

Nilirudi ndani, nikafagia makapi uani. Jua lilikuwa kali, zuri kwa kuanika. Nikatandika jamvi, nikamwaga ule mpunga wa mbegu, nikautandaza kwa mkono, na kuku nikawafungia bandani.